Unataka kuiuliza ChatGPT mambo ya talaka, mali au matunzo ya watoto? Fanya hivi

Siku hizi hapa Tanga mtu ndoa ikimshinda, kabla hajafika kwa wazee wala kwa shehe, ashamaliza kuiuliza simu. Mi sioni ubaya, wakili ni hela na wengi hatuna, na hizi akili mnemba (AI) kina ChatGPT na Gemini zinaelewa Kiswahili na hazichoki kuulizwa. Ila watu wanaigeuza simu kuwa hakimu. Nachapa maelezo ya watu steshenari huku Ngamiani na wengi wanakuja na skrinshoti wanataka niprinti hivo hivo wapeleke baraza la usuluhishi wa ndoa, na humo ndani kuna mambo yanaweza kumharibia mtu shauri lake. Iache ikupangie maelezo na ikuandalie maswali, hapo inasaidia kweli. Sheria yenyewe ukaithibitishe.

Usianze na swali, anza na habari yako. Ukiuliza "mume kaniacha nina haki gani" utapewa maneno ya jumla ambayo hayakufai kitu. Kaa pembeni, bonyeza kile kimaiki uongee kama unamsimulia dada yako: mlifunga ndoa lini na ya aina gani, ya msikitini, ya kanisani, ya bomani au ya kimila, watoto wangapi na umri wao, kiwanja mlinunua mwaka gani na nani alitoa nini, ugomvi ulianza lini. Alafu iambie hiyo AI: "Nipangie haya kwa tarehe kuanzia ya zamani. Usiongeze kitu ambacho sijasema. Penye pengo niulize." Maneno ya kutoongeza usiyasahau kabisa, mana inapenda kujazia, na mwenzio akigundua barazani kuna kitu kimoja cha uongo hata ya kweli hutaaminiwa.

Majina usiweke. Andika Mume, Mke, Mtoto wa kwanza inatosha. Namba ya NIDA, jina la shule ya mtoto, picha ya cheti cha ndoa, hivyo vyote viache nje. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, sawa, lakini siri uliyoiandika kwa mkono wako kwenye apu ya kampuni ya nje kuirudisha ni shughuli. Na kama simu mnatumia wawili au mwenzio anajua neno la siri, futa chati ukimaliza. Hili nalisisitiza kwa kina mama hasa, kuna mtu akikuta umeuliza habari za talaka usiku huo haulali salama.

Sasa sheria. Kila swali lianze na "Mimi niko Tanzania Bara." Usipoitaja nchi unaweza kuletewa ya Kenya, mana na wao wana sheria yao ya ndoa ya 2014 na ya mali za wanandoa ya 2013 na Kiswahili wanaongea, au uletewe ya Zanzibar. Dada mmoja wa Makorora alikuja na karatasi imeandikwa vizuri kweli, inamwambia afungue shauri Mahakama ya Kadhi. Mahakama hiyo ya serikali ipo Zanzibar na Kenya ipo, huku bara hakuna. Sisi tunaenda na Sheria ya Ndoa ya 1971 kwa dini zote, na njia yake ni kwamba mnapita kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, liwe la kata au la dini yenu, BAKWATA wanayo na makanisa yanayo, likishindwa kuwapatanisha linatoa hati, na hiyo hati ndo unaingia nayo mahakamani, hata Mahakama ya Mwanzo inapokea. Hata kama ulishapewa talaka ya mdomo au ya WhatsApp, bado unapita baraza na mahakama, ndo ndoa ivunjwe kisheria na mali zigawanywe. Kuna wanaoruhusiwa kuruka baraza, mfano mwenzio kakutelekeza na hujui alipo, au kaitwa barazani akakataa makusudi. Yako ikiwa hivyo, iseme tangu mwanzo.

Kwenye mali ndo pana kazi. Ukiuliza ovyo unaweza kujibiwa "nusu kwa nusu". Huku hakuna nusu ya moja kwa moja, kifungu cha 114 kinataka mahakama iangalie kila mtu alichangia nini, kwa hela, kwa mali au kwa kazi. Na Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya 1983 ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Kwa hiyo mwambie AI: "Niulize swali moja moja kuhusu mchango wangu kwenye nyumba hii, subiri nijibu ndo uulize lingine." Nimekaa na mama mmoja muuza samaki pale Deep Sea tukafanya hivyo. Mwanzo anasema mi sikuchangia kitu, nyumba kajenga baba watoto. Maswali yakaanza kutoka, nani alilipa fundi wa tofali, akakumbuka ni hela ya mchezo aliyopokea yeye, nani alikuwa anachota maji ya ujenzi, ni yeye, nani alimuuguza mama mkwe miaka yote mume akiwa safarini, yeye. Tulijaza kurasa na hakuna lililotungwa. Ukishapata orodha hiyo tafuta ushahidi wa kila kitu, meseji za M-Pesa, daftari la kikoba, risiti za saruji, jirani aliyeona.

Matunzo ya watoto ni rahisi kidogo, Sheria ya Mtoto ya 2009 ipo na Ustawi wa Jamii wanasaidia. Iambie AI ikutengenezee bajeti ya mtoto ya mwezi, chakula, ada, matibabu, nauli, namba uweke wewe. Kuhusu nani akae na watoto usiamini ikikwambia "mtoto chini ya miaka 7 ni wa mama, basi". Sheria inaanzia hapo kweli ila baba anaweza kupinga, kinachoangaliwa ni maslahi ya mtoto.

Ikikutajia kifungu au kesi, ingia TanzLII, ni tovuti ya sheria na ni bure, hukumu za mahakama zetu zimejaa, tafuta lile jina. Haipo? Itoe. Kanada mwaka 2024, jimbo la British Columbia, wakili kabisa aliyesomea alipeleka mahakamani kesi mbili zilizotungwa na ChatGPT kwenye shauri la baba aliyetaka watoto wake wamtembelee China, na akaamriwa kulipa gharama kutoka mfukoni mwake. Namba za vifungu nazo hubadilika sheria zikichapwa upya, angalia toleo.

Alafu kuna hili, AI inakuunga mkono sana. Ukilia inalia na wewe. Mwambie: "Sasa kuwa upande wa mume wangu, nipinge kwa nguvu." Yatakuuma, lakini ni bora uyasikie chumbani kwako kuliko mbele ya wajumbe.

Ukiwa unapigwa au mtoto yuko hatarini achana na simu ya kuchati, nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, kachukue PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, utibiwe, na kwa mtoto piga 116, haikati salio.

Mwisho printi kurasa mbili tu, moja ya matukio kwa tarehe na moja ya maswali, umpelekee msaidizi wa kisheria, wapo na wanatambuliwa kwa sheria ya 2017, au nenda TAWLA, chama cha wanawake wanasheria, wana ofisi hapa Tanga. Kabla hujaprinti soma kwa sauti, neno usilolielewa lifute uweke la kwako, mwenyekiti wa baraza atakuuliza wewe.