Jinsi ya kusoma vyeti vya Međimurje vya miaka ya 1941–1945

Cheti cha Kihungaria kutoka Međimurje, kieneo cha Kroatia kilicho kati ya mito Mura na Drava, si lazima kiwe cha wakati wa vita. Hungaria ililikalia eneo hilo kwa mabavu kuanzia Aprili 1941 hadi Aprili 1945, lakini ilikuwa imelitawala pia hadi mwisho wa 1918. Mara zote mbili liliwekwa chini ya mkoa wa Zala, kwa hiyo lugha na majina ya miji hufanana. Kama tarehe imefutika, angalia pesa: korona ni ya kipindi cha kwanza, dinari ni ya Yugoslavia, iliyotawala katikati ya vipindi hivyo viwili, pengő ni ya miaka ya vita.

Tarehe husomwa mwaka, mwezi, siku: 1942. május 5. ni tarehe 5 Mei 1942. Kwa Kihungaria, Čakovec ni Csáktornya, Prelog ni Perlak, Mursko Središće ni Muraszerdahely.

Majina ndiyo huwapoteza watu wengi. Jina la ukoo hutangulia, na jina la kwanza halikuandikwa kwa tahajia nyingine tu, lilitafsiriwa: Ivan akawa János, Stjepan István, Juraj György, Franjo Ferenc. Ivan Horvat basi mtafute kama Horvát János. Ukikuta Horvát Jánosné, usidhani ni mwanamume: -né ni "mke wa", na jina lake mwenyewe huenda lisionekane popote kwenye mstari huo. Özv. mbele ya jina ni mjane.

Katika majina ya ukoo, sz ya Kihungaria ni s ya Kikroatia, s ni š, zs ni ž. Cs ni č au ć, hivyo Kovacsics ni Kovačić; jaribu herufi zote mbili kila mara.

Anzia kwenye hifadhi ya nyaraka ya Međimurje iliyoko Štrigova. Ukikosa, nenda ile ya mkoa wa Zala, Zalaegerszeg.

Kwa familia za Kiyahudi, njia ni nyingine. Ujerumani iliivamia Hungaria tarehe 19 Machi 1944, na majira hayo hayo ya kuchipua Wayahudi wa Čakovec wakakusanywa, wakapelekwa Nagykanizsa, mji wa Hungaria, kisha Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Walisafirishwa pamoja na Wayahudi wa Hungaria, kwa hiyo orodha za waathiriwa za Kroatia pekee hazitoshi: watafute pia katika orodha za Hungaria, kwa tahajia ya Kihungaria, mji ukiwa Csáktornya.