Namna ya Kupokea Mahindi ya Chakula cha Shule Bila Kuingiza Sumukuvu Ghalani

Juma lililopita mwalimu aliyehamia karibuni katika shule jirani hapa wilayani Chamwino alinijia na daftari lake, akitaka kujua kamati yetu ya chakula inavyopokea mahindi ya wazazi baada ya mavuno. Nilimweleza kwa mdomo hadi jua likazama, na kesho yake nikagundua kwamba jambo nililolipitia kwa haraka ndilo lililowahi kunitesa kuliko yote. Kabla ya kukabidhiwa ufunguo wa ghala la shule nilikuwa nikinunua na kuuza nafaka katika soko la Kibaigwa, hivyo msomaji asishangae akiona nazipenda zana fulani na kuzidharau nyingine.

Sumukuvu (aflatoksini) ni sumu inayotengenezwa na kuvu, hasa Aspergillus flavus, ambao huanza kushambulia mahindi na karanga zikiwa bado shambani, mvua inapokatika mapema na wadudu wakatoboa magunzi, kisha huendelea kukua ghalani penye unyevu. Mwaka 2016 sumu hii iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na mwanzoni wengi waliamini kuwa ni ugonjwa usiojulikana. Moto wa jikoni hauiondoi. Uji unaweza kuchemka asubuhi nzima na sumu ikabaki ndani yake. Kwa sababu hiyo kazi yote iko mlangoni mwa ghala. Kaya ikila mahindi yake mabaya hudhurika kaya hiyo peke yake, lakini debe hilohilo likimiminwa katika rundo la shule, madhara yake hugawanywa kwa watoto wote.

Hatua ya 1: Andaa mahali pa kupokelea

Tandika turubai kivulini, weka mzani, ungo na daftari, na usiruhusu debe lolote limiminwe juu ya jingine kabla halijakaguliwa.

Hatua ya 2: Muulize mzazi

Maswali matatu yanatosha: mahindi yalivunwa lini, yalianikwa juu ya nini, na yalipukuchuliwaje. Yaliyoanikwa juu ya udongo mtupu, au yaliyopigwa kwa fimbo ndani ya gunia hadi punje zikapasuka, yaandikie alama daftarini, kwa maana kuvu hupenya kwa urahisi zaidi penye ufa. Uliza kwa heshima na mbali na masikio ya wengine, la sivyo mwaka ujao utaletewa majibu yaliyotungwa njiani.

Hatua ya 3: Pima unyevu

Hapa ndipo nilipopoteza siku nzima. Wafanyabiashara wengi hung'ata punje au huzichezesha kiganjani na kusikiliza mlio wake. Nami nilifanya hivyo Kibaigwa kwa miaka, na nakiri kwamba jino hutambua mahindi mabichi kabisa, lakini haliwezi kutenganisha unyevu wa asilimia 13 na ule wa asilimia 15, ilhali tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kuvu watakua au watalala. Mahindi ya kuhifadhiwa hayapaswi kuzidi asilimia 13.5.

Njia isiyo na gharama ni ya chupa na chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo safi na kavu, tia mahindi hadi theluthi yake, ongeza vijiko vitatu vikubwa vya chumvi kavu, funga vizuri, tikisa kwa dakika mbili na uiache kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi yarudi kuanikwa. Chumvi ikiteremka yote chini, yako chini ya kiwango hicho.

Katika mwaka wangu wa kwanza nilitumia chumvi ya jikoni kwetu, iliyokuwa imekaa bila mfuniko karibu na sufuria ya uji. Kila chupa niliyotikisa iliganda. Nikawarudisha wazazi wa kitongoji kizima, wengine wakiwa wamebeba madebe kichwani na wengine kwa baiskeli, na ilikuwa alasiri nilipowaza kuitikisa chumvi hiyo peke yake katika chupa tupu. Iliganda vilevile. Nilitembea nyumba hadi nyumba kuomba radhi hadi usiku, na bibi mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba kilichohitaji kuanikwa ni chumvi yangu. Tangu siku hiyo hukausha chumvi kwenye kikaango, huiacha ipoe ndani ya chombo kilichofungwa, na huanza kila asubuhi kwa kutikisa chupa yenye chumvi pekee. Chupa hiyo ikiganda, hakuna kipimo chochote cha siku hiyo kinachoaminika.

Yapo makosa mengine ambayo hayapigi kelele kama hilo. Mahindi yaliyotoka juani moja kwa moja hutoa mvuke unaotanda kwenye kioo, kwa hiyo yaache kivulini yapoe kwanza. Punje za mdomoni mwa gunia huwa kavu kuliko za katikati, si kwa sababu mzazi amekudanganya, bali kwa kuwa gunia lilikaa wazi. Tumia bambo, yaani kile chuma chenye mfereji cha kuchomea gunia na kutolea punje, uchome juu, katikati na chini, na uchanganye kabla ya kupima. Tena chupa iliyooshwa asubuhi huonekana kavu huku tone limejificha shingoni.

Hata ukifanya yote hayo, chumvi hukwambia habari ya asilimia 15 tu, na kati ya hapo na 13.5 inakuacha gizani. Ndiyo maana naishauri kila kamati inunue kipimo kidogo cha kidijitali cha unyevu wa hewa, kile kinachoonesha pia joto. Kifunge pamoja na mahindi ndani ya mfuko wa nailoni usiopitisha hewa, weka kivulini kwa nusu saa, kisha usome: kikionesha asilimia 65 au chini yake, ambayo ni ya unyevu wa hewa na si ya punje zenyewe, mahindi yanafaa kuhifadhiwa. Mwalimu aliniuliza kama chupa haitoshi. Nilimjibu kwamba chupa inafaa kwa kukataa mahindi mabichi, lakini haifai kwa kuyakubali makavu.

Hatua ya 4: Chambua

Ondoa punje zilizovunjika, zilizotobolewa, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu wa kijani au wa manjano. Uchambuzi hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa, ingawa punje safi machoni inaweza kuwa nayo. Makapi yasipewe kuku wala ng'ombe, kwani sumu hupita hadi kwenye maziwa, na yasipelekwe kwa mpika pombe hata akiyaomba kwa bei nzuri. Sisi huyafukia mbali na makazi kwa kumshirikisha afisa afya wa kata.

Karanga za kutia kwenye mlenda au uji wa lishe zichambuliwe kwa ukali maradufu. Nikiulizwa maoni yangu, shule za huku kwetu zingepika zaidi uji wa mtama na uwele, ambavyo kwa kawaida huathirika kidogo kuliko mahindi na huvumilia ukame wetu. Mwaka wa mashaka chagueni sembe badala ya dona, maana sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye kiini na ganda. Kwa sababu hiyohiyo pumba za mwaka huo zisilishwe mifugo.

Hatua ya 5: Pelekeni sampuli maabara

Sumukuvu haisambai sawasawa, na gao moja la mahindi linaweza kuwa safi huku jirani yake likiwa na sumu kali. Chukueni kidogo kidogo kutoka kila gunia hadi zipatikane kilo kadhaa, changanyeni, ndipo mtoe sampuli. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu zote kwa kilo moja, na 5 kwa aina ya B1, iliyo kali zaidi.

Hatua ya 6: Hifadhi

Mifuko ya kinga njaa, yenye tabaka mbili za plastiki ndani ya kiroba, ndiyo ninayoitumia. Kila tabaka lifungwe peke yake, na mifuko ikae juu ya chaga, mbali na ukuta. Mifuko hii huua wadudu kwa kuwanyima hewa, lakini haikaushi mahindi.

Hatua ya 7: Mpishi na mwalimu wa zamu wazijue dalili

Mtoto akitapika, akaumwa tumbo au likavimba, na macho yakawa ya manjano, apelekwe kituo cha afya mara moja, hasa ikiwa wenzake wana dalili hizohizo. Upishi usimame. Unga uliobaki usimwagwe. Ufungwe na kuandikwa tarehe pamoja na namba ya gunia, kwa sababu mganga na afisa afya watauhitaji.