Namna ya Kulinganisha Miksi na Masta za Albamu Moja bila Kudanganywa na Masikio

Niliwahi kukaa juma zima nikiwasifia wenzangu toleo jipya la Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band, albamu ya The Beatles ya mwaka 1967, kwamba ngoma zake zimefufuka na waimbaji wamesogea karibu, mpaka mdogo wangu alipozungusha kitufe cha ampilifaya nyuma kidogo na uzuri wote niliokuwa nikiuhubiri ukayeyuka. Nilichokuwa nimekisifia ni ukubwa wa sauti tu. Kwa kuwa albamu hiyo ina matoleo mengi yanayotofautiana kwelikweli, nitaitumia hapa kuonyesha namna ya kulinganisha, na anayependa albamu nyingine anaweza kufuata njia ileile.

Kwanza ni lazima kujua unalinganisha nini. Rekodi ni kile kilichopigwa na kuimbwa mbele ya maikrofoni. Miksi ni uamuzi wa fundi kuhusu kila chombo kisikike kwa kiasi gani, upande upi na kwa mwangwi gani. Masta ni hatua ya mwisho, ambapo miksi iliyokwisha kukamilika huchukuliwa nzimanzima, ikarekebishwa uzito na ukali wake, kisha ikapelekwa kwenye santuri, CD au faili. Wapenzi wa muziki wa dansi hapa nchini huchanganya mambo haya mara kwa mara: wimbo uliorekodiwa Redio Tanzania na wimbo huohuo bendi ilipokwenda kuurekodi tena Nairobi kwa ajili ya santuri si miksi mbili, bali ni rekodi mbili, na hata mpiga solo huenda amebadilisha vidole. Toleo la rimasta, yaani miksi ileile iliyofanyiwa masta upya, haliwezi kumhamisha mpiga ngoma kutoka kushoto kwenda kulia. Ukisikia amehama, ujue hiyo ni miksi mpya, hata kama jalada linasema vingine.

Kwa Sgt. Pepper, matoleo ya kutafuta ni machache. Mwaka 1967 zilitengenezwa miksi mbili katika studio za Abbey Road jijini London: ya mono (sauti zote zikiwa zimeunganishwa kuwa moja), ambayo bendi yenyewe iliisimamia kwa uangalifu, na ya stereo (sauti zikiwa zimegawanywa kushoto na kulia), ambayo prodyuza George Martin na fundi Geoff Emerick waliimaliza kwa muda mfupi zaidi, kwani wasikilizaji wengi wa Uingereza wakati huo walikuwa na mashine za mono. CD ya mwaka 1987 ilitumia stereo. Septemba 2009 miksi zote mbili zilitolewa tena kwa rimasta, ya mono ikiachwa bila kubanwa vilele vya sauti, yaani pale inapopanda juu kabisa. Kisha mwaka 2017 Giles Martin, mwana wa George, pamoja na Sam Okell walitoa miksi mpya kabisa ya stereo, wakiifuata ile ya mono kama dira. Mashine za mwaka 1967 zilikuwa na njia nne tu za kurekodia. Zikijaa, mafundi walikusanya kila kitu na kukinakili kwenye njia moja au mbili za kanda nyingine ili wapate nafasi, na kila nakala iliongeza mchakacho wa kanda na kufifisha sauti za mwanzo. Miksi ya 2017 ilirudi kwenye kanda za kwanza, kabla ya kunakiliwa. Ndiyo maana usafi wake si wa kuchongwa na mashine ya masta.

Kabla ya kusikiliza chochote, hakikisha faili uliyo nayo ndiyo inayodaiwa kuwa. Niliwahi kupewa folda iliyoandikwa “mono” ambayo kumbe mtu alikuwa ameikunja stereo tu, akaziunganisha pande mbili kuwa moja. Kipimo chepesi ni wimbo She's Leaving Home: katika stereo ya zamani unachukua takriban dakika 3 na sekunde 35, lakini mono halisi inakwenda kasi zaidi, noti zikiwa juu kidogo, na unaisha kama sekunde 10 mapema. Miksi ya 2017 nayo imeshika kasi ya mono. Folda yangu ya “mono” ilisoma 3:35, nikaifuta.

Chumba nacho kina neno lake. Dar es Salaam ya mchana, yenye bodaboda, jenereta la jirani na spika ya muuza vocha, haiachi nafasi ya kusikia mwangwi unavyofifia. Mimi husikiliza kuanzia saa tano usiku, nyumbani Sinza, dirisha likiwa limefungwa na pangaboi likiwa limezimwa, maana uvumi wake hufunika matoazi kuliko watu wanavyodhani. Jasho litakutoka, lakini vipindi ni vifupi. Tumia hedifoni ya waya au spika mbili. Kispika kimoja cha Bluetooth huziunganisha pande zote, na hapo unalinganisha stereo ambayo kwa kweli huisikii.

Jambo la kusawazisha sauti ndilo ambalo wengi huliruka, nami ndilo lililoniaibisha. Sikio la binadamu huona kilicho juu zaidi kuwa ndicho bora, hata tofauti ikiwa ni desibeli moja, ambayo huitambui kama “kelele zaidi” bali kama “uhai zaidi”. Na kwa kuwa rimasta nyingi tangu miaka ya 1990 zimebanwa ili zisikike kubwa, toleo jipya huingia ulingoni likiwa limekwisha kupendelewa. Fungua faili zote katika programu ya bure ya Audacity, chagua kipande kilekile katika kila moja, kisha tumia kifaa chake cha kusawazisha ukubwa wa sauti na uziweke zote kwenye kiwango kimoja cha chini, kwa mfano −23 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia). Shusha iliyo juu. Usipandishe iliyo chini, kwani vilele vinaweza kukatika. Ukisikiliza kupitia programu za mtandaoni, kumbuka kwamba nyingi husawazisha sauti zenyewe, kwa hiyo angalia mipangilio yake kwanza.

Sasa usisikilize albamu nzima. Chukua vipande vya sekunde 20 na urudierudie, maana kumbukumbu ya sauti huchuja haraka. Katika Lucy in the Sky with Diamonds sikiliza sauti ya mwimbaji: mono ina mzunguko wa ajabu, kama sauti inapita ndani ya bomba, ambao stereo ya zamani ina mdogo. Katika marudio ya wimbo wenye jina la albamu, karibu na mwisho, mono inakuletea kelele za Paul McCartney, mmoja wa waimbaji wa bendi, ambazo stereo imezizamisha. Katika A Day in the Life ya stereo ya zamani, mwimbaji mwenzake John Lennon anaanzia kulia na taratibu anahamia kushoto. Ukimsikia anaanzia kushoto, umevaa hedifoni kinyume. Kwa maoni yangu mono ndiyo albamu yenyewe, ingawa besi ya 2017 inanirudisha kila mara.

Mwishowe jaribu bila kuona. Mdogo wangu hucheza kipande mara kumi akichagua kwa kurusha sarafu, nami naandika ni toleo lipi. Mara ya kwanza, nikilinganisha CD ya 1987 na rimasta ya stereo ya 2009, nilipata 6.

“Kaka, hata sarafu ingefika hapo,” akasema.

Alikuwa sahihi: anayebahatisha hufikisha 8 au zaidi kati ya mara 5 na 6 katika kila majaribio 100, na 9 au zaidi mara 1 tu. Mimi sihesabu kitu chini ya 9.

Ukishindwa kabisa kutofautisha faili mbili, zipange Audacity zianze sawasawa kabisa, bila kupishana hata sampuli moja (chembe ndogo kabisa ya sauti ndani ya faili), geuza wimbi la moja kichwa chini, kisha uzicheze pamoja. Kinachobaki kusikika ndicho tofauti yao. Usipobaki hata mnong'ono, faili ni ileile moja iliyobadilishwa jina, na unaweza kuifuta mojawapo ukaokoa nafasi kwenye simu.