Somo: Kulinganisha darubini na mtutu wa bunduki ya kuwindia, hatua kwa hatua

Ndugu wanachama, kila msimu wa uwindaji unapokaribia ninaulizwa swali lile lile: "Bunduki yangu inapiga kushoto, nizungushe wapi?" Nimeona ni afadhali niandike somo zima mara moja, ili atakayeuliza tena aelekezwe hapa. Somo linawahusu wenye leseni, na upigaji wote ufanyike katika eneo lililoruhusiwa na polisi, lenye tuta nene la udongo nyuma ya shabaha.

Hatua ya kwanza. Toa magazini (kisanduku cha risasi), fungua bolti (komeo linalofunga nyuma ya mtutu), kisha hakikisha chemba, yaani tundu inamokaa risasi, ni tupu kwa jicho na kwa kidole.

Hatua ya pili. Kaza skrubu. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, na bunduki nyingi ninazoletewa zikidaiwa kuwa na darubini mbovu huwa na skrubu zilizolegea au zilizokazwa ovyo. Fungua vyote hadi kwenye kitalu cha chini kinachofungwa juu ya bunduki, ufute mafuta kwenye skrubu na matundu yake kwa spiriti, kwa maana skrubu yenye mafuta hulegea taratibu kila bunduki inaporudi nyuma. Rudisha kitalu kwanza na ukikaze, halafu laza darubini kwenye pete zake bila kukaza vifuniko. Shika bunduki begani kama unavyoshika porini, ukiwa umevaa koti utakalovaa, kwani koti la baridi ya Makete hukusogeza nyuma ya darubini kuliko shati la Usangu. Usiache nafasi iliyo chini ya sentimeta 8 au 9 kati ya jicho na kioo, na kwa bunduki ya risasi nene kama .375 (namba hii ni kipenyo cha risasi kwa inchi) iongeze kadiri darubini inavyoruhusu, la sivyo ukingo wa darubini utakuchana nyusi. Vifuniko vya pete hukazwa kwa zamu, kona kwa kona, robo mzunguko kila mara, huku ukitazama uwazi wa pande zote mbili ubaki sawa. Kwa pete nyingi kiasi cha Newton-mita 2 kinatosha. Fuata namba ya mtengenezaji, tena kwa bisibisi yenye kipimo. Anayekaza kwa alenki ndefu na nguvu za mkono hubonyeza bomba la darubini, na bomba likishabonyea, vioo vya ndani haviendi tena sawasawa na vizungushio, yaani vile vitufe vya kusogezea alama ya kulengea. Msitie gundi kwenye skrubu za vifuniko. Nasisitiza: msitie.

Hatua ya tatu. Weka shabaha kwenye mita 25, toa bolti, laza bunduki juu ya viroba vya mchanga, chungulia ndani ya mtutu hadi shabaha ikae katikati ya duara, kisha sogeza msalaba wa darubini (mistari miwili inayokatana ndani ya kioo) kwenye shabaha hiyo hiyo bila kutikisa bunduki.

Hatua ya nne. Rudisha bolti, piga risasi moja au mbili kwa mita 25. Darubini inakaa takriban sentimeta 4 juu ya mtutu, kwa hiyo ukitaka bunduki ya .308 ilenge sawa kwenye mita 100, hapa risasi iingie kama sentimeta moja na nusu chini ya alama. Darubini nyingi husogea robo ya dakika ya pembe kwa kila mlio mmoja wa kizungushio, yaani "tik" moja unapokizungusha. Dakika ni digrii moja iliyogawanywa mara 60, nayo kwa mita 100 ni sentimeta 2.9, hivyo mlio mmoja ni karibu milimita 7. Kwa mita 25 mlio huo huo husogeza chini ya milimita 2 tu, na wanaosahau jambo hili hudhani kizungushio kimekufa.

Hatua ya tano. Nenda mita 100, piga risasi tatu bila kugusa kitu, acha mtutu upoe, kisha tafuta katikati ya matundu matatu na upime kutoka hapo. Usifuate tundu moja. Mshale kwenye kizungushio huonyesha upande ambao risasi itahamia. Rekebisha, kisha piga tatu nyingine.

MASWALI

Swali, Mafinga: Mkuu, nimepitia haraka. Yangu inapiga kushoto, nizungushe mara ngapi?

Jibu: Umbali gani, risasi ngapi, na kushoto kwa sentimeta ngapi? Hatua ya tano inakuagiza upime. Ukipima, gawanya kwa milimita 7.

Swali, Mbeya mjini: Risasi za dukani ni ghali na hazilingani. Kwa nini tusijaze maganda wenyewe nyumbani, kama Wamarekani?

Jibu: Leseni yako ni ya kumiliki. Kutengeneza risasi bila leseni ya kazi hiyo ni kosa, wala sitaifundisha hapa hata nikiulizwa kwa upole. Wajazaji wa huko hutafuta mfanano: baruti ya uzito ule ule na risasi iliyozamishwa kina kile kile. Sehemu kubwa ya mfanano huo utaipata ukinunua maboksi yenye namba moja ya toleo, uyatumie kulinganishia na kuwindia pia.

Swali, Ludewa: Shikamoo mwalimu. Kwetu ni miteremko mitupu. Nikilenga kwenda chini bondeni risasi hupita juu, lakini ndugu yangu anasema hata kupanda mlima ni hivyo hivyo. Inawezekanaje?

Jibu: Marahaba, binti yangu, na ndugu yako yuko sahihi. Mvutano wa dunia huivuta risasi kuelekea chini tu, kwa hiyo kinachohesabika ni umbali wa kimlalo. Mteremko wa digrii 30 wenye mita 200 kwa kamba ni sawa na mita 173, ukipanda au ukishuka. Lenga kama mnyama yuko mita 173. Angalia pia msalaba usiinamie upande: ning'iniza timazi ya fundi mwashi karibu na shabaha, ulinganishe uzi na mstari wa wima wa darubini kabla ya kukaza vifuniko.

Swali, Njombe: Nililinganisha Septemba ikawa sawa kabisa. Januari imehama, ilhali skrubu hazijalegea.

Jibu: Kitako chako, yaani mwili unaobeba mtutu, ni cha mbao?

Njombe: Ndiyo, cha zamani.

Jibu: Basi kimekunywa mvua. Mbao ikivimba huegemea mtutu na kuusukuma pembeni. Bunduki ikiwa tupu, pitisha karatasi ya daftari kati ya mtutu na mbao, kutoka mbele kurudi nyuma. Itakapokwama ndipo panapogusa. Fundi wa silaha mwenye leseni atapakwangua kidogo na kupaka vanishi, pamoja na ndani ya kitako, sehemu ambayo wengi huiacha kavu. Vanishi ikikauka, rudia kuanzia hatua ya pili.