Mbawakavu wa gugu karoti wakilala kwenye baridi ya Mbeya msiwatupe

Wadau, kwa vikundi vinavyolea mbawakavu wa gugu karoti (Zygogramma bicolorata), wale wadudu wanaokula gugu vamizi la Parthenium ili kulidhibiti, mwezi wa sita na wa saba ukifungua kizimba ukakuta majani hayajaguswa na wadudu hawaonekani usikimbilie kusema wamekufa, wameshuka kwenye udongo kulala. Chokonoa taratibu na kijiti utawakuta, rangi ya krimu na mistari ya kahawia mgongoni, miguu wameikunja. Muweke mmoja kiganjani umpulizie pumzi ya joto, akichezesha vipapasio tu huyo mzima, mrudishe.

Usingizi huu wataalamu wanaita dayapozi na inaweza kwenda miezi kadhaa. Asili yao Mexico, India waliwachukua huko 1984, na kote tabia ni ileile, ukame au baridi wanajificha chini, mvua ikirudi wanapanda. Kwahiyo ukitaka kuwaamsha wewe mwenyewe lazima uwadanganye kwamba masika yameingia: nyunyiza maji udongo uwe na unyevu ila usitote maana ukitota ukungu unawamaliza, afu pandisha joto lifike kama nyuzi 27. Kwa Uyole hapa Mbeya usiku bila taa hufiki hapo, ile balbu ya kulelea vifaranga inatosha, jiko la mkaa hapana. Na weka majani machanga, sio yale yaliyokomaa yakawa magumu.

Sasa wengi wanakosea hapa, mdudu akianza kutembea na kula wanaona kazi imeisha. Bado! Anaweza kula vizuri tu na asitage. Geuza majani uangalie upande wa chini, ukiona vijiyai vya njano ndo ujue kaamka kweli, na hao ndo wa kuzalisha.

Halafu muda. Huku kwetu mvua ni Novemba, ukiwaamsha Agosti ukawaachia nje watakula nini? Mi naona muanze mwishoni mwa Septemba, kutoka yai hadi mbawakavu ni kama wiki nne, mvua ikishika mnakuwa na kizazi kipya tayari.

Gugu la kuwalishia mlikate maua kabla halijamwaga mbegu, vaeni glovu na barakoa sababu linawasha na kubana kifua, na kuwahamisha wadudu kwenda wilaya nyingine msifanye kimyakimya, ulizeni TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania) kwanza.