Mbegu za nyanya na mboga za bustani ya nyumbani: kuvuna, kukausha na kuatika upya, Tabora

Kiangazi cha Tabora, kuanzia Mei hadi Oktoba, ndicho msimu wa kuvuna mbegu. Hewa ni kavu, mbegu hukauka kivulini kwa siku chache na ukungu haupati nafasi. Ukisubiri mvua za Novemba, utapambana na unyevu tangu kwenye tunda mpaka kwenye chupa.

Tuanze na nyanya, maana ndiyo yenye kazi zaidi.

Hatua ya 1: Chagua shina, usichague tunda. Nyanya moja kubwa kwenye shina dhaifu itakupa miche dhaifu. Tafuta mashina matano au sita yaliyozaa vizuri bila ugonjwa, yafunge kitambaa na uwatangazie wote nyumbani kwamba hayachumwi. Usipofanya hivyo, nyanya nzuri zitatangulia jikoni na mbegu zitatoka kwenye mabaki. Kama pakiti uliyonunua iliandikwa F1, hiyo ni chotara. Watoto wake hawatafanana na mama. Tanya, Cal J na Tengeru 97 si chotara, mbegu zake zinarudiwa.

Shina lenye majani ya madoa ya kijani na njano, yaani batobato, usilitolee mbegu kabisa. Virusi vyake hukaa kwenye ganda la mbegu, na kuvundika, yaani kuchachusha mbegu kwenye maji yake, hakuviondoi vyote. Kwa watu wa Urambo, Kaliua na Sikonge jambo hili ni zito zaidi: virusi hivyo hushambulia tumbaku pia. Ukitoka kufunga tumbaku, au ukiwa umevuta sigara, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa nyanya au pilipili.

Hatua ya 2: Vundika. Acha nyanya iive hadi iwe nyekundu na laini hukohuko shambani. Ikate katikati kwa upana, kamulia mbegu na maji yake kwenye kikombe, ongeza maji kidogo, funika kwa kitambaa na weka kivulini. Koroga asubuhi na jioni. Ule ute unaoizunguka mbegu ndio unaoizuia kuota ndani ya tunda, kwa hiyo lazima uoze utoke. Kwa kawaida ni siku 2 au 3; kwenye joto la Septemba na Oktoba, anza kukagua siku ya pili. Sugua mbegu kwa vidole: ikiwa bado inateleza, subiri, ikikwaruza, imefika. Ukichelewa utaona ncha nyeupe inachungulia, na mbegu iliyokwisha kuchipua haitunziki.

Jaza maji, koroga, uache kidogo. Mbegu nzima huzama. Mapepe na nyama huelea, yamwage. Rudia mpaka maji yawe safi, kisha chuja.

Hatua ya 3: Kausha kivulini. Hapa ndipo mbegu nyingi hufia. Zitandaze tabaka moja kwenye kipande cha chandarua au sahani, penye upepo, na uzitenganishe kwa vidole mara kwa mara. Usitumie gazeti, zinaganda. Usizianike juu ya bati wala karibu na jiko. Joto likizidi nyuzi 40 linaua kiini, na kwa macho mbegu itabaki nzuri tu. Baada ya siku 5 hadi 7 zitie kwenye chupa ya kioo, uifunge na uiache usiku mmoja. Kioo kikiwa na mvuke ndani asubuhi, zirudishe kukauka.

Hatua ya 4: Hifadhi. Chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana, pamoja na kifuko cha kitambaa chenye mkaa mkavu uliopondwa. Andika aina, mwezi na mwaka. Kunde na maharage changanya na jivu kavu lililochekechwa, kwa ajili ya bungua.

Mboga nyingine ni nyepesi. Bamia iache ikauke shinani mpaka ianze kupasuka. Ngogwe subiri iwe nyekundu. Mchicha kata masuke pale mbegu nyeusi zinapodondoka ukisugua, kausha, piga juu ya turubai, pepeta kwa ungo. Hoho usiipande karibu na pilipili kali. Mbegu zake zinaweza kukuletea hoho inayowasha.

Boga ni habari nyingine, maana nyuki huleta chavua ya kwa jirani. Jioni tafuta ua jike, lenye kiboga kidogo chini yake, na ua dume, yote yakiwa yanakaribia kufunguka, uyafunge kwa uzi. Asubuhi mapema fungua, sugua dume ndani ya jike, kisha lifunge jike tena na uweke alama. Boga likishavunwa, liache ndani wiki 3 au 4 kabla ya kulipasua. Mbegu huendelea kujaa.

Kabla ya kuatika: viringisha mbegu 20 kwenye kitambaa chenye unyevu, uhesabu baada ya siku 7 hadi 10. Zikiota 16 au zaidi, atika kawaida. Zikiwa 10, atika mara mbili ya kawaida. Chini ya 5, tafuta nyingine. Nyanya zifukie sentimita 1, mistari ya kitalu iachane sentimita 15, na matandazo ya nyasi uliyofunikia kitalu uyaondoe siku ileile miche inapochomoza, ama sivyo itarefuka na kulala. Hamisha baada ya wiki 4, jioni, sentimita 50 kati ya mche na mche.