Kupika Udi wa Sukari na Kufukiza Nguo

Udi unaouzwa Kariakoo hutofautiana mno, kwa hiyo kabla ya kulipa omba uchomewe kipande kimoja: ulio mzuri hutoa utomvu unaochemka juu ya kaa, ilhali uliopakwa rangi hunuka kuni tu. Chemsha kikombe kimoja cha sukari kwa nusu kikombe cha maji, kwa moto mdogo, mpaka tone la shira lililopozwa sahanini livute uzi baina ya vidole, kisha ipua na utie vipande vya udi vilivyopondwa. Mafuta ya sandali au ya asumini yasubiri shira ipoe kidogo, kwani yakitiwa motoni harufu yake huruka yote. (Asumini, kwa maoni yangu, ni ya chumbani zaidi kuliko sebuleni.) Hifadhi katika kopo lenye kifuniko.

Unapofukiza, funika kaa la chetezo kwa jivu jembamba, maana kaa tupu huunguza sukari kabla udi haujanukia. Inamisha tenga juu yake, utandaze kanga yenye unyevu kidogo, ufungue dirisha, wala usiondoke: cheche moja hutoboa kanga.